Barua ya wazi kwa wanaosimamia mitaala na vifaa vya kidijitali: mtoto abadilishe lugha bila kuvunja saketi yake

Kwenu wakubwa wetu mnaopanga mitaala, mnaopitisha vifaa vya kufundishia na mnaosaini mikataba ya programu za kompyuta zinazoletwa shuleni,

Shikamooni.

Wengi wenu mlishika chaki kabla ya kushika faili, kwa hiyo sitawachosha kwa habari za madawati na idadi ya wanafunzi. Nina jambo moja, na lilianza Jumanne moja, kipindi cha tatu, Kidato cha Kwanza.

Siku hiyo nilikuwa na kompyuta mpakato moja, projekta ya kuazima, na programu ya uigaji wa saketi za umeme niliyoibeba kwenye flashi. Jina la programu naliacha. Ni zile ambazo unavuta waya, betri na balbu kwa kipanya, unaziunga, kisha unaona elektroni zikitembea ndani ya waya kama siafu. Sisi ambao maabara yetu ina ammita mbili, moja ikiwa imekufa, tunazishukuru sana programu za namna hii.

Nikamwita mbele binti mmoja mkimya. Akaunga waya kutoka upande mmoja wa betri hadi upande wa pili, bila balbu, bila chochote katikati. Kwenye skrini betri ikashika moto. Darasa likalipuka kwa kelele, na yeye mwenyewe akacheka hadi akajiziba mdomo. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kama utaratibu wa sekondari unavyotaka, kwa nini betri imewaka. Kicheko kikakatika palepale. Akaangalia viatu vyake. Nikarudia swali polepole, nikamwonyesha neno lililoandikwa kwenye skrini, “resistance”. Akalisoma kwa sauti, vizuri tu, kisha kimya.

Programu ile ina Kiswahili. Nikafungua toleo la Kiswahili. Neno likageuka kuwa “ukinzani”.

“Aah! Mwalimu, hakuna kitu cha kuukinza mkondo, ndiyo maana umekuwa mkubwa mno, betri ikaungua.”

Jibu alikuwa nalo tangu shule ya msingi. Lakini alipogeuka kutuonyesha kwa kidole, saketi yake haikuwepo. Skrini ilikuwa nyeupe. Kila lugha ilikuwa na faili lake, na kubadili lugha kulimaanisha kuanza upya. Akaunga tena, kengele ikalia, na swali lililofuata, lile la kuweka balbu mbili na kulinganisha, hatukulifikia.

Hilo ndilo ninalowaandikia. Programu inaweza kuwa na lugha themanini na bado isimfae mtoto huyu hata kwa dakika moja, kwa sababu aliyeiunda alidhani kila mtu anaishi ndani ya lugha moja. Alidhani utachagua bendera yako mlangoni, uingie, umalize, utoke. (Na hizo bendera nazo! Kiswahili mnakipa bendera ipi? Nimeiona ya Kenya, nimeiona ya Tanzania, na Mkongomani wa Bukavu akiingia atafute ya nani?) Mtoto wa Kidato cha Kwanza nchini Tanzania haishi hivyo. Miaka yote ya msingi katika shule ya serikali amesoma sayansi kwa Kiswahili. Januari anavaa sketi mpya, anapewa kozi ya wiki kadhaa ya kumzoesha Kiingereza, kisha anaambiwa kila alichokijua sasa kina jina jingine. Anachohitaji ni kuyaona majina mawili ya kitu kilekile, kitu hicho kikiwa bado mbele ya macho yake, hakijaguswa.

Najua nitajibiwa kwamba mtihani wa Kidato cha Nne ni wa Kiingereza. Ni kweli, na siombi Kiingereza kiondolewe. Naomba kiwekewe daraja. Yule binti lazima ajue kwamba “ukinzani” anaoufahamu na “resistance” watakayomuuliza ni kitu kimoja, na njia fupi kuliko zote ni abonyeze kitufe, aone neno linabadilika huku moto wa betri ukiendelea kuwaka.

Wala siombi muujiza. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, unaotengeneza programu za uigaji wa sayansi na hisabati, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya yeye kushiriki Nobel ya Fizikia, umetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, sehemu kubwa kwa mikono ya watu wa kujitolea, na Kiswahili kimo. Ulianza na programu za Java na Flash, teknolojia ambazo vivinjari viliziacha, na Flash ikazikwa kabisa mwishoni mwa 2020. Ikabidi waziandike upya kwa HTML5, lugha ambayo vivinjari vya leo vinaielewa. Katika matoleo ya karibuni ya programu zao kuna menyu ya mapendeleo ambamo lugha inabadilishwa jaribio likiwa palepale. Unaweza pia kuipakua programu ukaitumia bila intaneti, na kwa mwalimu anayenunua bando kwa mshahara wake hilo si jambo dogo. Kwa hiyo mtu akija ofisini kwenu na kusema kubadilisha lugha katikati ya jaribio hakuwezekani, mwambieni kuna waliokwisha kufanya.

Sasa niwapeleke upande wa pili wa meza, maana nimekaa huko pia. Kwa muda sasa nimekuwa nikitafsiri programu za aina hii usiku, watoto wangu wakishalala. Mtafsiri hapewi programu. Anapewa jedwali: safu ya kushoto maneno ya Kiingereza, safu ya kulia tupu. Mstari wa kwanza niliowahi kukutana nao ulikuwa na neno moja, “Light”. Hakuna picha, hakuna maelezo. Je, ni mwanga? Ni taa? Ni kitu chepesi, kinyume cha kizito? Nilibahatisha “mwanga”. Programu ilikuwa ya mizani. Mtoto akiweka unyoya upande mmoja, skrini inamwambia “mwanga”.

Tangu siku hiyo nina daftari la maneno ya namna hiyo, na linajaa. “Field” katika sumaku ni uga, si uwanja wala shamba. “Solution” katika Kemia ni mmumunyo, katika Hisabati ni jawabu, na kwa wanasiasa ni suluhisho. “Scale” inaweza kuwa mizani, skeli ya ramani au magamba ya samaki, inategemea umesimama maabara gani. Mashine za kutafsiri huchagua maana ya mtaani. Niliwahi kuonyeshwa bidhaa moja iliyouzwa kwa shule kadhaa ikiwa na maandishi makubwa ya “Kiswahili Kamili” kwenye kasha. Ammita yake ilikuwa imeandikwa “Sasa: 2”. Nilikaa nayo kama dakika nzima kabla sijaelewa kwamba “sasa” hiyo ni mkondo wa umeme, maana neno la Kiingereza ni moja, “current”. Mwanafunzi hatakaa dakika nzima. Ataamini kwamba ammita hupima wakati.

Lakini maneno mojamoja ni ugonjwa mdogo. Ugonjwa mkubwa uko kwenye namna programu inavyounga maneno, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu ndipo pesa zinapopotelea.

Mwandishi wa programu anayefikiri kwa Kiingereza huandika neno “large” mara moja, akalitumia kila mahali: mpira, kikombe, balbu, mawe. Kwake halibadiliki. Kwetu ni mpira mkubwa, kikombe kikubwa, balbu kubwa, mawe makubwa. Mimi kwenye jedwali nina chumba kimoja tu cha kujaza. Nikiandika “kubwa”, watoto watasoma “kikombe kubwa”, na mwalimu wa Kiswahili wa darasa la pili atanijia juu, kwa haki kabisa. Vivyo hivyo kwenye “imewashwa”. Katika programu ya joto kuna chanzo cha moto unachokichagua mwenyewe: jiko limewashwa, mshumaa umewashwa, kibatari kimewashwa, taa imewashwa. Programu ina sentensi moja yenye tundu, jina la kitu linadumbukizwa humo, na kitenzi kimegandishwa. Mtoto anasoma “mshumaa imewashwa”. Wingi nao ni hivyohivyo. Kuna aliyedhani wingi wa kila kitu duniani ni kupachika herufi “s” mwishoni, na mimi kwa macho yangu nimeona “kikombes 3” kwenye skrini ya programu ya sehemu, imeandikwa kwa rangi nzuri ya machungwa.

Dawa yake inajulikana. Kila sentensi iandikwe nzima kwa kila kitu, isiungwe vipandevipande wakati programu inatembea. Maneno yote yakae kwenye faili lake, nje ya msimbo, ili mtafsiri arekebishe bila kumsubiri fundi. Kila mstari uwe na picha ya mahali neno linapotokea. Vitufe viachiwe nafasi ya kupanuka. Fundi cherehani anayejua kazi yake huacha kitambaa ndani ya mshono, kwa sababu anajua mtoto wa shule atakua. Sare isiyo na nafasi hiyo utainunua tena mwakani, na programu isiyo na nafasi hiyo mtaitafsiri tena mwakani, kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu safari hii fundi atalazimika kuivunja yote.

Saa zetu je? Katika programu moja ya mzunguko wa Dunia, jua likiwa utosini, skrini ilisema “saa 12:00”. Kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono: “Mwalimu, saa kumi na mbili jua linazama.” Alikuwa sahihi. Kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili, jua likiwa utosini ni saa sita. Aliyetafsiri alibadilisha maneno, akasahau kwamba hata namba ni lugha.

Na namba zenyewe hazifanani hata ndani ya Kiswahili. Hapa kwetu 1,500 ni elfu moja mia tano. Mpe mwalimu wa Lubumbashi aliyesomeshwa kwa Kifaransa, atakusomea moja na nusu, kwa sababu kwake mkato ndio unaotenga desimali. Hifadhidata ya CLDR ya Unicode, shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea kwa mambo haya, tayari inatofautisha Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na cha Kongo kimepewa mkato wake. Mnaweza kusema Kongo si mamlaka yenu. Lakini kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kigoma, na kambini humo watoto wakimbizi wa Kongo na Burundi wamekuwa wakifuata mitaala ya nchi zao. Programu ikipelekwa huko ikiwa na lugha moja na desimali za namna moja, mtoto atapata jibu sahihi na kompyuta itamwambia amekosa.

Niguse istilahi, ingawa najua nagusa kidonda. Tusidanganyane kwamba Kiswahili hakina maneno. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima za kazi za ofisini kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa bado tunaandikia mitihani kwenye stensili. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Maneno tunayo, wakati mwingine tunayo mawili mawili. “Tungamo” au “masi”? “Jotoridi” au “halijoto”? “Kanieneo” au “shinikizo”? Mimi binafsi napenda “kanieneo”, kwa sababu neno lenyewe linabeba kanuni: kani juu ya eneo. Mwanafunzi akilijua neno ameshajua nusu ya hesabu. Lakini mapenzi yangu si hoja. Hoja ni kwamba mtoto akisoma “tungamo” kitabuni, akakuta “masi” kwenye skrini, na mimi ubaoni nikasema “uzito” kwa mazoea mabaya (nakiri), atadhani anafundishwa vitu vitatu.

Ninachowaomba ni orodha moja ya istilahi za sayansi kwa kila darasa, inayolingana na vitabu, itolewe kama faili ambalo programu ya kompyuta inaweza kulisoma moja kwa moja. Kitabu kilichopigwa picha kurasa kwa kurasa hakisaidii hapa. Kila neno liwe na Kiingereza chake na Kifaransa chake, na mfano mmoja wa sentensi ili tuone ngeli. Pale panapokuwa na maneno mawili, lichaguliwe moja la kuonyesha, na jingine libaki ndani kwa ajili ya mtu anayetafuta. Wenzetu Kenya wanafundisha sayansi kwa Kiingereza, lakini mwalimu wa Kilifi anayetaka kumfafanulia mtoto msuguano ni nini atalitumia faili hilohilo. Mkishaliweka wazi, PhET, GeoGebra ile programu ya hisabati, na yeyote mwingine atalichukua bila kuja kuwaomba.

Kuhusu wanaotafsiri nitasema kidogo tu, nisije nikaonekana najipigia debe. Kazi hii inafanywa na walimu usiku, bila malipo, na hakuna anayeikagua. Niliwahi kuiandikia ofisi moja kuomba jina la mtu wa kunihakikishia maneno kumi na manne. Nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Hilo lilikuwa jibu lote. Sikasiriki, maofisi yana mambo mengi. Lakini mnapopanga bajeti ya programu, tengeni fungu la mtafsiri na mkaguzi wake kama mnavyotenga la leseni, na kazi hiyo ihesabiwe katika tathmini ya mwalimu kama inavyohesabiwa semina aliyokwenda kusinzia.

Na wanafunzi viziwi wasiachwe nje ya hesabu hii. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha, ina sarufi yake. Programu iliyojengwa ili maelezo yaweze kubadilishwa itakubali pia kipande cha video ya ishara mahali pa maelezo marefu. Iliyojengwa vibaya haitakubali hata Kiswahili.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Nilicho nacho bado kinafanya kazi, ingawa kona moja imepasuka. Kwa hiyo vifaa vimeanza kufika, na wauzaji wa programu wamevinusa. Watakuja na mawasilisho yenye picha za watoto wanaocheka. Kabla hamjasaini, mwiteni mwalimu mmoja wa kawaida kutoka shule ya kata, mpeni kishikwambi, zimeni intaneti. Mwambieni aunge saketi, kisha abadilishe lugha kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi. Saketi ikibaki, endeleeni na mazungumzo. Ikifutika, msiwape hata chai ya pili. Halafu mwambieni muuzaji abadilishe neno moja la Kiswahili hapohapo mbele yenu, lile “Sasa” liwe “Mkondo”, bila kupiga simu kwao. Akisema inahitaji toleo jipya na miezi mitatu, mmeshajua mnanunua nini. Mwishoni ombeni mshumaa uwashwe, msome kwa sauti kilichoandikwa.

Jaribio zima halizidi robo saa. Kama hamna mwalimu wa kumwita, mimi Jumatano vipindi vyangu vinaisha saa nane mchana, na basi la kuja mjini linapita pale shuleni saa nane na nusu. Nitakuja na flashi yangu, na daftari la maneno, na lile swali la balbu mbili, kwa sababu yule binti yuko Kidato cha Pili sasa na bado ananidai.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Fizikia na Hisabati,
shule ya sekondari ya kata, Mkoa wa Pwani